Haki ya Nani, Wajibu wa Nani? Kasoro Moja ya Hoja katika Maneno ya Ardhi, Kodi na Kura, Malindi na Kilifi

Katika pwani ya Malindi na Kilifi neno haki husikika mahali pengi ambapo mgeni wa lugha hii asingelitarajia. Mgema ashukapo mnazini na kibuyu chake huidai haki yake, naye ana maana ya ujira. Mtoto mtundu akianguka kutoka mti aliokatazwa kuupanda, jirani husema "ni haki yake," naye ana maana kwamba amepata alichostahili. Muuzaji akitiliwa shaka juu ya pishi yake huapa kwa haki ya Mungu. Na katika mikutano ya hadhara, ambako hukumu za mahakama na katiba hutajwa kila mara, haki ni kile ambacho mwananchi anacho na ambacho serikali haipaswi kumnyang'anya. Neno ni moja, lakini mahusiano linayoyataja si mamoja. Makala haya yanachunguza kasoro moja itokanayo na jambo hilo, nayo ni kuanza hoja kwa haki ya mtu fulani na kuimaliza, bila hatua yoyote katikati, kwa wajibu wa mtu yule yule. Kasoro hii si ya Kiswahili peke yake. Lakini katika pwani hii imetumika kuamua nani ana mahali pa kulala na nani hana, na kwa sababu hiyo yafaa itazamwe kwa maneno ambayo watu wenyewe huyatumia.

Asili ya neno inajulikana. Kiarabu kina haqq, na hutofautisha kwa viunganishi viwili: haki iliyo kwa mtu, yaani anayoistahili, na haki iliyo juu ya mtu, yaani anayotakiwa kuitoa. Kiswahili kilichukua nomino, kikaviacha viunganishi. Mahali pake pakakaa -a unganifu, ambayo ni kiungo chepesi kupita kiasi kwa mzigo huu. Tazama:

(1) haki ya mgema
(2) haki ya jirani
(3) haki ya maiti

Katika (1) mgema ndiye anayedai. Katika (2) jirani aweza kuwa anadai, lakini msemaji aitumiapo kauli hii katika mawaidha aghalabu anamwelekea asikiaye: anamwambia kuna jambo ambalo yeye, msikilizaji, yampasa kulitenda kwa jirani. Katika (3) hakuna anayedai kabisa, kwa kuwa maiti hasemi. Kinachotajwa ni kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa na kuzikwa, kazi iliyo juu ya walio hai. Umbo la maneno ni lile lile katika mifano yote mitatu, na mzigo umeshatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Hata jina la tamthilia ya Alamin Mazrui iliyotolewa mwaka 1981, Kilio cha Haki, huweza kusomwa kwa njia mbili kwa sababu ya kiungo hicho hicho: kilio cha kuitaka haki, au kilio inachokitoa haki yenyewe. Kwa mtunzi hilo ni utajiri. Kwa mwenye kujenga hoja ni mtego.

Kamusi hazitoi msaada mkubwa hapa, wala haifai kuzilaumu. Tangu kamusi ya Krapf, aliyeweka makao yake Rabai mwaka 1846 na ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1882, hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, kazi ya kitabu cha namna hiyo imekuwa kutaja maana za neno. Mwelekeo wa uhusiano, yaani nani anadai na nani anadaiwa, hautokani na nomino. Unatokana na kitenzi.

Na Kiswahili kina kitenzi chake. Kudai na kudaiwa, mdai na mdaiwa: hapa lugha haikubali utata hata kidogo. Mtu hawezi kuwa mdai na mdaiwa katika deni moja. Pembeni mwa kudai kuna kitenzi cha pili, kusamehe, nacho ni kipimo bora kuliko yote ambayo wanafalsafa wa mbali wametuletea. Mke ana haki ya mahari. Aweza kuyasamehe, yote au sehemu. Mume ana wajibu wa kuyalipa. Hawezi kuusamehe wajibu wake mwenyewe, aweza tu kuomba asamehewe. Basi penye mashaka iulizwe: ni nani, katika jambo hili, awezaye kusamehe? Huyo ndiye mwenye haki. Na ambaye yambidi aombe msamaha, huyo ndiye mwenye wajibu. Atakayesema "ni haki yako, kwa hiyo huna budi" amemwambia mdai kwamba ni marufuku kusamehe, jambo ambalo hakuna muuza duka wa Malindi atakayelikubali.

Desturi moja ya mazishi ya Waislamu wa pwani yaonyesha jinsi watu walivyolielewa jambo hili bila kulisomea. Kabla ya jeneza kuondoka, au pale makaburini, mmoja wa jamaa hutangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu ajitokeze kwa wenye maiti, na aliyekosewa amsamehe. Tangazo hilo ni mwito wa kudai. Lakini si amri ya kudai. Anyamazaye hakufanya kosa, na kunyamaza kwake hakufuti deni: mrithi ajuaye kwamba baba yake alikopa yampasa kulipa hata kama mkopeshaji hakufungua mdomo, na deni hutolewa katika mali kabla ya urithi kugawanywa. Haki ya mtu, katika mafunzo ya fikihi, haifi kwa sababu mwenyewe ameona haya kuitaja mbele ya watu. Mzigo umebaki pale ulipokuwa, juu ya mdaiwa.

Desturi hii yafaa ikumbukwe mtu anapofika kwenye Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, kwa kuwa sheria hiyo nayo ilikuwa tangazo. Ilihusu ukanda wa pwani wa maili kumi, ambao kwa mapatano ya mwaka 1895 ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar chini ya utawala wa Waingereza. Wenye kudai ardhi waliitwa waje mbele ya afisa wa hati, kila mmoja na dai lake, katika muda uliowekwa. Dai likithibitishwa, mdai alipewa hati. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Baada ya uhuru ikawa ya serikali, na tangu katiba ya mwaka 2010 sehemu yake kubwa iliyosalia huitwa ardhi ya umma. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 2012 kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi, lakini hati zilizotokana nayo hazikufutwa.

Waliokwenda kudai walikuwa hasa Waarabu na Waswahili wa mijini, na baadhi ya wafanyabiashara wa Kihindi, yaani watu waliozoea karatasi, kadhi na mwandishi. Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima ndani ya ukanda huo hawakudai. Ardhi kwao ilikuwa ya ukoo na ya kaya, na fomu ilitaka jina la mtu mmoja. Serikali iliwahesabu wao kuwa watu wa bara, nyuma ya ukanda, ambao mahali pao ni katika hifadhi walizotengewa. Wengi mwito haukuwafikia kabisa, na hata kama ungaliwafikia, ni vigumu kuona ni kwa lugha gani mtu angalieleza kwa nini aende kuomba alichokuwa amekalia.

Haya yameandikwa na wanahistoria mara nyingi, na Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 2009 imekiri kwamba pwani ilidhulumiwa. Kinachostahili kuchunguzwa katika kurasa za jarida la lugha ni namna jambo hili lisemwavyo hadi leo. Hoja isikikayo barazani, na wakati mwingine katika vinywa vya watu waliosoma, yaenda hivi: sheria ilimpa kila mtu haki ya kudai, asiyeitumia haki yake amepuuza wajibu wake, aliyepuuza wajibu asimlaumu mwingine. Hatua ya kwanza ina ukweli wake, ingawa ni wa kwenye karatasi. Ya tatu, ikisimama peke yake, ni ya haki. Kosa limejificha katika ya pili, na limejificha vizuri kwa sababu neno wajibu limeingia kama mgeni mwenye adabu, bila kupiga hodi. Wajibu huo ulitoka wapi? Mwaka 1908 nani alikuwa akimdai mkulima wa Kigiriama kwamba aje adai? Kitenzi kinakataa: mtu hadaiwi kudai.

Mtetezi wa hoja hiyo atasema kwamba hakukusudia wajibu wa kimaadili. Alikuwa na maana kwamba asiyefuata utaratibu hupoteza. Maana hiyo ni sahihi, nayo ina neno lake katika Kiswahili: sharti. Udhu ni sharti la swala. Mtu asiyetaka kuswali suna hana kosa kwa kutotawadha. Ila akitaka kuswali, hana budi atawadhe kwanza. Sharti hufungwa na lengo la mtu mwenyewe. Wajibu humfunga atake asitake, na kuuvunja ni kosa. Kudai kwa afisa wa hati kulikuwa sharti la kupata hati. Ukisema sharti, msikilizaji huuliza mara moja: sharti hilo liliwekwa na nani, na je, lilikuwa la uadilifu? Ukisema wajibu, swali hilo halizuki. Lawama imekwisha kumwangukia aliyekosa. Badiliko la neno moja limemfanya aliyenyang'anywa kuwa mkosaji. Hapo ndipo mantiki inapoacha kuwa mchezo wa darasani.

Msomaji aweza kuuliza kama si kawaida ya sheria zote kumnyima mwenye haki aliyelala. Ni kweli kwamba katika Kenya mwenye shamba aliyenyamaza kwa miaka 12 huku mtu mwingine amelikalia waziwazi bila ruhusa yake aweza kulipoteza. Lakini kanuni hiyo haitumiki dhidi ya ardhi ya serikali. Basi mkulima ambaye babu yake hakudai mwaka 1908 alipoteza kwa kunyamaza. Na serikali iliyoipokea ardhi hiyo ikanyamaza kwa miaka mingi, huku yeye na wanawe wakiilima, haikupoteza kitu. Kama kunyamaza ni kupuuza wajibu, ni ajabu kwamba wajibu huo uwe wa upande mmoja tu.

Kuna jambo jingine la pwani hii ambalo hoja za ardhi hulisahau. Kwa mila ya hapa, mti na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe tofauti. Mtu hupanda minazi, mikorosho au miembe katika ardhi ya mwingine kwa kukubaliana. Miti ikawa yake, na ardhi ikabaki ya mwenyewe. Vivyo hivyo kwa nyumba: Malindi na Mombasa kuna nyumba nyingi ambazo mwenye kuta si mwenye ardhi, naye hulipa ijara. Sheria ya Kiingereza husema kwamba kilichoota au kujengwa ardhini hufuata ardhi, na mabwana wa hati walipokuja na wazo hilo walikuta uhusiano wenye pande nyingi kuliko fomu zao. Mwenye ardhi ana haki ya ijara, na mwenye mti ana wajibu wa kuilipa. Mwenye mti ana haki ya kupita kwenda kuangua nazi zake, na mwenye ardhi ana wajibu wa kumwacha apite. Mgema aliyekabidhiwa mti ana haki ya sehemu yake ya tembo, na pia ana wajibu wa kuukwea mti kila siku, kwani karara lisilokatwa vizuri huharibika. Huyu wa mwisho ni mtu mwenye haki na wajibu kwa pamoja, na watu wa kijijini hawamchanganyi. Sehemu yake ya tembo aweza kuisamehe. Kuukwea mti hawezi kujisamehe.

Mwaka 1913 mambo mawili yalitokea mbali sana moja na jingine. Marekani, mwanasheria Wesley Newcomb Hohfeld alichapisha makala yake mashuhuri akionyesha kwamba mahakimu hutumia neno lao la haki kwa mambo manne yasiyofanana. La kwanza ni dai, ambalo lazima likutane na wajibu wa mtu mwingine. La pili ni ruhusa, ambayo haikutani na wajibu wa yeyote. Maana yake ni kwamba hakuna mwenye kukukataza. La tatu ni mamlaka ya kubadili hali ya mwingine kisheria, na la nne ni kinga dhidi ya mamlaka ya namna hiyo. Na Kilifi, karibu na Kaya Fungo, Wagiriama walikusanyika kusikiliza utawala ukiwataka vijana wa kwenda kufanya kazi.

Hoja ya utawala, ikifupishwa bila kuonewa, ilikuwa hivi: serikali ina haki ya kutawala, mwenye haki ya kutawala ana haki ya kodi na nguvu kazi, kwa hiyo Wagiriama wana wajibu wa kutoa. Kwa kipimo cha Hohfeld hoja hii imeruka kutoka aina moja ya haki kwenda nyingine. Haki iliyopatikana kwa mapatano ya mwaka 1895 ilikuwa dai kati ya waliopatana, yaani Uingereza na Sultani. Juma na Hamisi wakikubaliana kwamba Athumani atalipa, hawajamfunga Athumani kwa lolote. Wagiriama walio wengi walikaa nyuma ya maili kumi, na hata waliokuwa ndani hawakuulizwa. Serikali ilikuwa na nguvu, nayo ikaita nguvu hiyo haki. Kisha kutoka katika haki hiyo ikatoa wajibu wa watu wengine.

Mekatilili wa Menza hakujibu kwa kuidai haki. Masimulizi ya mdomo yanasema alileta kuku mwenye vifaranga, akamwalika Arthur Champion, afisa aliyekuwa akisimamia Wagiriama, amnyang'anye kuku huyo kifaranga kimoja aone atakavyodonolewa. Kisa hicho huenda kimepambwa na wasimulizi, lakini ujumbe wake hauna utata: hakuna deni hapa, kuna mama na wanawe. Kisha vikaapishwa viapo, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume. Kiapo ni wajibu ambao mtu hujitwika mwenyewe. Hakina haja ya haki ya mtawala, wala hakingoji mtu adai. Pengine hili ndilo lililowashinda maofisa kuelewa: walitarajia madai, ambayo hujibiwa kwa kukubali au kukataa, wakakuta watu waliokwisha kujifunga. Oktoba mwaka huo Mekatilili na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa wakapelekwa Kisii, nao Januari 1914 wakatoroka wakarudi kwa miguu. Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, vita vikapiganwa, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa watoe watu 1,000 wa kwenda kuwa wapagazi wa jeshi. Walitakiwa pia kuhama upande wa kaskazini wa mto Sabaki, kwenye udongo wao mzuri. Neno faini lenyewe ni hitimisho la hoja mbovu: hutozwa aliyevunja wajibu.

Katika miaka ya karibuni kasoro hii imevaa nguo nzuri zaidi. Husemwa kwamba hakuna haki bila wajibu. Kauli hiyo ina ukweli mkubwa na uongo mkubwa, na vyote viwili vimekaa katika maneno yale yale. Ukweli ni kwamba dai langu halina maana pasipo wajibu wa mwingine: haki ya mgema ni wajibu wa mwenye mnazi. Uongo ni ile maana inayopendwa na wakubwa, kwamba haki ya mtu huanza baada ya yeye mwenyewe kumaliza wajibu wake. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi Juni 1981, umeweka wajibu wa mtu binafsi katika ibara za 27 hadi 29, nao mara nyingi hutajwa kama ushahidi wa maana hiyo ya pili. Lakini Mkataba haukuzifanya haki zilizotangulia kuwa malipo ya wajibu huo. Katiba ya Tanzania, ambayo iliandikwa kwa Kiswahili na hivyo ni shahidi bora kwa wanalugha, ina sehemu iitwayo Haki na Wajibu Muhimu. Ibara ya 22 inataja haki ya kufanya kazi, na ibara ya 25 wajibu wa kushiriki kazini. Mtu aweza kuupinga wajibu huo, lakini hawezi kusema umechanganywa na haki. Waandishi waliona ni mambo mawili, wakayaandika mara mbili.

Pale ambapo Kiswahili chenyewe humtega msemaji zaidi ni katika ukanushi. Linganisha:

(4) Si lazima aende.
(5) Lazima asiende.
(6) Hapaswi kwenda.

Sentensi ya (4) inaondoa wajibu na kuacha ruhusa. Ya (5) inaweka wajibu wa kutokwenda. Ya (6), kwa umbo lake, ingetakiwa ifanane na (4), kwa kuwa kinachokanushwa ni kupaswa. Lakini masikioni mwa watu wengi ina maana ya (5): asiende. Vivyo hivyo kwa "hatakiwi kwenda." Kikanushi kimekaa juu ya wajibu, na maana imekwenda kukaa juu ya tendo. Mtu aliyezoea (6) hupita kutoka "hana wajibu" hadi "amekatazwa" bila kuona daraja alilolivuka.

Daraja hilo lilivukwa kabla ya uchaguzi wa 4 Machi 2013. Kundi la Mombasa Republican Council, ambalo Mahakama Kuu ilikuwa imeliondolea marufuku Julai 2012, lilikuwa limewataka watu wa pwani wasusie kura, na manung'uniko ya ardhi ndiyo yaliyokuwa kiini cha wito wake. Upande mmoja ulisema kura ni haki ya kila mwananchi, kwa hiyo kila mtu hana budi apige. Katiba, katika ibara ya 38, haisemi hivyo. Humpa mtu mzima haki ya kupiga kura, wala Kenya haina sheria ya kumwadhibu asiyepiga. Upande wa pili ulijibu, na hadi hapo kwa usahihi, kwamba mwenye haki ya kupiga kura aweza pia kutopiga. Lakini wako waliokwenda hatua moja zaidi: hapaswi kupiga kura, basi asipige, na jirani yake pia asipige. Ruhusa ya mmoja ikawa katazo la wote. Usiku wa kuamkia siku ya kura watu wenye silaha waliwashambulia polisi Mombasa na Kilifi, na zaidi ya watu kumi walikufa, wakiwamo polisi. Viongozi wa kundi walikana kuhusika. Nani alihusika ni kazi ya mahakama. Upungufu wa hoja za pande zote mbili ulikuwa umesikika kwa miezi mingi kabla ya siku hiyo.

Kipimo cha kusamehe kilichopendekezwa hapo juu kina mpaka wake, na haifai ufichwe. Katiba ya Kenya, ibara ya 53, humpa mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 humtia hatiani mzazi asiyempeleka. Msichana wa miaka kumi wa Ganze au Magarini aliyeachishwa shule hawezi kuisamehe elimu yake, hata akitamka kwamba amesamehe. Je, basi hana haki? Neil MacCormick aliuliza swali hili mwaka 1976 dhidi ya wale waliofuata mawazo ya H.L.A. Hart, ambao kwao mwenye haki ni yule mwenye hiari juu ya wajibu wa mwingine. Kwa watoto, alionyesha, hiari hiyo haipo na haki ipo. Hapa fikihi ya pwani ina mgawanyo unaofaa, wa haki ya waja na haki ya Mungu: ya kwanza mja aweza kuisamehe, ya pili hakuna mja awezaye. Wanasheria wa leo watataja jamii mahali pa Mungu. Vyovyote vile, neno "lazima" katika elimu ya lazima halimwangukii mtoto kwanza. Lamwangukia mzazi na serikali. Anayemchapa mtoto kwa kutohudhuria, huku shule iliyo karibu haina mwalimu, amekosea kusoma neno hilo liko juu ya nani.

Wala haingekuwa uadilifu kuacha bila kutaja kwamba wanaowatetea maskwota huanguka katika shimo hilo hilo kutoka upande wa pili. Husemwa: serikali ina wajibu wa kuwapa makao wasio na ardhi, kwa hiyo sisi tuna haki ya kipande hiki. Si kila wajibu una mdai wake maalumu. Tajiri anasisitizwa kutoa sadaka, lakini hakuna maskini mmoja mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa awezaye kumshika kanzu akasema sadaka hiyo ni yake. Wajibu wa jumla wa serikali hauzai, peke yake, haki ya mtu huyu juu ya shamba lile. Hoja yenye nguvu kwa watu wa Kilifi si hiyo. Iko katika ukaaji, katika miti iliyopandwa na makaburi yaliyochimbwa, yaani katika dai ambalo halikuhitaji sharti la mwaka 1908 ili liwepo. Kuliacha dai hilo na kushika lile la huruma ya serikali ni kuuza mnazi kwa bei ya dafu.

Lipo pia neno maskwota lenyewe. Limeingia kutoka Kiingereza, likapata wingi wake wa Kibantu na kuzoeleka hata vinywani mwa wale wanaoitwa hivyo. Ndani yake hitimisho la hoja limekwisha kutolewa, kwa kuwa humtaja mtu kama aliyekaa pasipo haki, na kwa hiyo mwenye wajibu wa kuondoka. Katika mashamba ya nyuma ya Malindi wako wazee wanaokataa jina hilo, wakiulizwa husema wao ni wenyeji, au huonyesha tu mwembe na kumtaja aliyeupanda.